Mali Yake Mwenyewe: Historia ya Sadaka Isiyodaiwa kwa Nguvu

Katika miaka ya 50 ya karne ya kwanza, Mtume Paulo alijitwika kazi ambayo wasomaji wengi wa nyaraka zake huipita haraka ili wafike kwenye mafundisho: alichangisha fedha. Hazikuwa fedha za kujengea, wala hazikuwa posho yake mwenyewe, kwa maana mara nyingi alijikimu kwa kushona mahema. Zilikuwa za maskini wa kanisa la Yerusalemu, na aliowaomba ni watu wa Galatia, Makedonia, Akaya na Asia, wengi wao si Wayahudi na hawakuwahi kuitia Yerusalemu machoni. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa, ilimtia katika mivutano na kanisa la Korintho, na mwisho wake yeye mwenyewe alitiwa kifungoni. Sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho zinahusu changizo hilo tangu mwanzo hadi mwisho, na hoja inayozibeba ni hii: ardhi, mavuno, fedha na hata utayari wa kutoa ni vya Mungu tangu asili, Mungu huyo hana upungufu wa kujaziwa na mtu, basi hakuna mwanadamu mwenye haki ya kumkaba mwenzake kwa niaba yake, na anayetoa hutoa kwa kuwa amekwisha kupokea. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba historia ya Ukristo imeipima hoja hiyo mara nyingi na kuithibitisha. Pale kanisa lilipokumbuka kwamba mwenye mali ni Mungu, sadaka ilitoka hata kwa maskini, tena kwa furaha. Pale viongozi walipojiweka katika kiti cha mwenye mali, fedha zilipatikana, lakini furaha ilitoweka, na mara nyingine imani nayo ikaenda.

Hoja hiyo Paulo hakuibuni. Aliirithi kwa Israeli. Sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati inamweleza mkulima anayeleta malimbuko: anayatia kikapuni, anakwenda mahali palipochaguliwa, kuhani anakipokea kikapu na kukiweka mbele ya madhabahu. Hapo mkulima haondoki. Anatakiwa asimulie historia: baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, akashuka Misri na watu wachache, wakateswa, Bwana akawatoa, akawapa nchi hii, na matunda haya yametoka katika nchi hiyo. Simulizi lote linahusu yaliyokwisha kutendwa kabla yeye hajashika jembe. Kisha anaagizwa afurahi, yeye pamoja na Mlawi na mgeni anayekaa kwake. Sura ya 14 ya kitabu hicho inashangaza zaidi. Aishiye mbali auze zaka yake, afunge fedha mkononi, na akifika anunue kitu chochote anachokitamani, ale na kufurahi pamoja na watu wa nyumbani mwake, wala asimsahau Mlawi. Kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini kwa ajili ya Mlawi asiye na urithi wa ardhi, mgeni, yatima na mjane. Ilikuwa sheria, ndiyo, lakini sheria iliyomkaribisha mtoaji mezani pamoja na aliyepewa. Mfalme Daudi naye, alipokusanya vitu vya kujengea hekalu, alisema katika sala yake, kama inavyosomeka katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 29, kwamba yeye na watu wake walikuwa wakimrudishia Mungu vilivyotoka mkononi mwa Mungu. Zaburi ya 50 inakwenda mbali zaidi: Mungu anakataa katakata kudhaniwa kuwa ana njaa inayoshibishwa na nyama ya mafahali. Na katika Kutoka, sura ya 36, mafundi wa hema walilazimika kumwendea Musa na kumlalamikia kwamba vitu vimezidi, hata ikapigwa mbiu kambini kuwazuia watu wasilete tena. Sijui kiongozi gani wa leo angetoa tangazo la namna hiyo.

Changizo la Paulo lilizaliwa na njaa. Kitabu cha Matendo kinasema kwamba nabii Agabo aliitabiri huko Antiokia, nayo ikaja wakati wa Kaisari Klaudio, aliyetawala kuanzia mwaka 41 hadi 54. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anaisimulia njaa iliyoipata Yerusalemu katika miaka hiyo: Malkia Helena wa Adiabene, aliyekuwa ameifuata dini ya Kiyahudi, alituma watu wake wakanunue ngano Misri na tini zilizokaushwa Kipro, akawagawia wenye njaa. Waumini wa Antiokia nao walituma msaada, kila mtu kwa kadiri alivyoweza, mikononi mwa Barnaba na Sauli, ndiye Paulo. Baadaye, Yakobo, Kefa na Yohana walipompa Paulo mkono wa ushirika na kumwachia kazi ya kuwahubiri watu wa mataifa, walimwomba jambo moja tu, kwamba awakumbuke maskini. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba hilo alikuwa na bidii nalo.

Wakorintho aliwapa utaratibu mwepesi: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba nyumbani kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kukimbizwa mtume atakapofika. Korintho ulikuwa mji wa bandari mbili, wenye biashara nyingi, na waumini wake waliahidi mapema. Mwaka ukapita, ahadi ikabaki ahadi. Wakati huohuo habari zilitoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Makedonia ilikuwa imepigwa mara nyingi. Warumi waliishinda pale Pydna mwaka 168 kabla ya Kristo, wakaigawa nchi vipande vinne na kuifunga kwa muda migodi yake ya dhahabu na fedha; mwaka 42 kabla ya Kristo majeshi ya Warumi yalipigana yenyewe kwa yenyewe pale Filipi, na ardhi ikagawiwa askari wastaafu. Makanisa ya Filipi, Thesalonike na Beroya yalikuwa machanga, yenye mateso juu ya umaskini. Paulo anakiri kwamba hakuyatarajia mengi. Lakini Wamakedonia ndio waliomwendea yeye, wakamsihi asiwanyime nafasi ya kushiriki, wakatoa kupita uwezo wao. Paulo anaieleza sababu bila kuzungukazunguka: walijitoa wenyewe kwa Bwana kwanza, fedha zikafuata. Mtu aliyekwisha kujikabidhi mzima hana tena kona ya mfuko anayoilinda. Waswahili wanaposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, wanalisema jambo ambalo Filipi ulilionyesha mapema kabisa katika historia ya kanisa.

Hapa msomaji makini ana haki ya kupinga. Je, Paulo naye hakuwabana watu? Aliwasifu Wamakedonia mbele ya Wakorintho na Wakorintho mbele ya Wamakedonia. Alituma watu watangulie ili mchango uwe tayari, akaonya kwamba Wamakedonia wakija naye na kukuta hakuna kitu, itakuwa aibu. Hilo ni kweli, na sioni faida ya kulificha: kuna shinikizo katika sura hizo. Lakini tazama alichojizuia kukifanya. Alisema wazi kwamba haamuru. Huyu alikuwa Farisayo, mtu aliyejua hesabu ya zaka tangu ujana wake, na ingemchukua mstari mmoja kudai sehemu ya kumi. Katika sura zote mbili hakuitaja. Alisema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, bila huzuni wala kulazimishwa, kwa sababu Mungu humpenda atoaye kwa furaha. Mfano aliouchukua ni mana ya jangwani, chakula kilichoshuka bila mtu kulima, ambapo aliyeokota kingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Mana haina mwenyewe isipokuwa aliyeishusha. Kwa kuichagua, Paulo alikuwa akiwaambia matajiri wa Korintho kwamba ziada yao ni mana tu, na kwamba upungufu wa Yerusalemu ni deni la usawa. Tena alijiwekea ulinzi ambao mchangishaji mwenye hila asingeutaka. Hakuzishika fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili lisitokee neno la lawama juu ya kiasi kikubwa kama hicho. Anasema alitaka yaliyo mema yaonekane mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Anayekusanya akijua kwamba fedha si zake huanza kwa kuiweka hesabu mahali watu wanapoiona.

Safari ya kuupeleka mchango ilikuwa ndefu. Matendo sura ya 20 inawataja kwa majina waliosafiri na Paulo: Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Benki za kuhamishia fedha za watu kama hao hazikuwepo. Sarafu zilibebwa na watu, melini na kwa miguu, na ndiyo maana ujumbe ulikuwa mkubwa kiasi hicho. Walipita Troa, Mileto, Rode, Patara na Tiro, wakafika Kaisaria, ambako Agabo yuleyule aliyeitabiri njaa aliufunga mshipi wa Paulo miguuni na mikononi mwake mwenyewe, kuonyesha kinachomngoja. Paulo alikuwa amewaandikia Warumi kwamba anaogopa mambo mawili: wasioamini wa Uyahudi, na uwezekano kwamba watakatifu wenyewe wasiupokee mchango. Matendo hayasimulii jinsi ulivyopokewa. Yanasema ndugu waliwakaribisha kwa furaha, kisha Yakobo akamshauri Paulo awalipie gharama watu wanne waliokuwa na nadhiri, na siku chache baadaye ghasia zikazuka hekaluni, Paulo akakamatwa. Mbele ya liwali Feliki alieleza kwamba alikuja kuleta sadaka kwa taifa lake. Feliki alipolisikia neno la fedha, tamaa ilimwingia: Luka, mwandishi wa Matendo, anaandika kwamba alimwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa rushwa. Wapo wanaosema basi changizo lilishindwa, kwa kuwa halikuziba ufa kati ya Wayahudi na watu wa mataifa. Kwa kipimo cha siasa, huenda. Lakini Paulo alikuwa ameutaja mapema mfano mwingine wa mavuno: shukrani nyingi zinazomwendea Mungu kutoka kwa watu wasiofahamiana. Kwa kipimo hicho mchango ulikwisha kuzaa huko Filipi, siku uliyotolewa.

Kanisa la karne mbili zilizofuata lilikuwa dogo, lisilo na ulinzi wa sheria, na ndilo linalotupa ushahidi ulio safi zaidi. Yustino Shahidi, akiandika Roma katikati ya karne ya pili, anaeleza ibada ya Jumapili: walio nacho na wanaotaka hutoa kila mtu kwa hiari yake, kilichokusanywa huwekwa kwa msimamizi, naye huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano wa Karthago, mwaka 197 hivi, anawajibu wapagani kwamba Wakristo wana sanduku lao pia, lakini hakuna anayelipa kiingilio. Kila mmoja huweka sarafu yake mara moja kwa mwezi, akitaka na akiweza. Anataja zinakokwenda: kuwazika maskini, kuwatunza watoto wasio na wazazi, wazee wasioweza tena kutoka nyumbani, waliovunjikiwa na meli, na waliohukumiwa migodini au visiwani kwa ajili ya imani. Katikati ya habari hizo kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mtunza hazina wa kanisa akifahamu. Marcion, tajiri wa meli kutoka Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, alipojiunga na kanisa la Roma alilipa zawadi ya sesterti 200,000, fedha nyingi mno kwa kanisa la watu wa kawaida. Mwaka 144 mafundisho yake yalikataliwa, akatengwa, na kanisa likamrudishia fedha zake. Kanisa hilo lilikuwa na wajane wa kulisha, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulidai. Huenda lilirudisha kwa sababu halikutaka mtu adhani ameinunua sauti ndani yake.

Kama sadaka ya hiari ingekuwa sadaka dhaifu, karne hizo zingeonyesha. Zinaonyesha kinyume. Mwaka 251 askofu Kornelio aliandika kwamba kanisa la Roma lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Katika miaka ya 250 Kipriano wa Karthago, wavamizi walipowateka Wakristo wa Numidia, alikusanya sesterti 100,000 za kuwakomboa, akazipeleka pamoja na orodha ya majina ya watoaji ili waombewe. Mwaka 362 Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo na kutaka kuifufua ibada ya miungu ya kale, alimwandikia kuhani mkuu wake wa Galatia akiona haya kwamba Wagalilaya, kama alivyowaita, waliwalisha maskini wao na wa wapagani pia. Aliagiza nafaka na divai zitolewe kutoka hazina ya dola ili mahekalu yashindane nao. Kaisari alikuwa na hazina. Kile kilichowafanya wale watu watoe bila kuagizwa hakuwa nacho.

Mabadiliko yalikuja polepole, na yaliletwa na watu waliodhani wanalitendea kanisa wema. Sinodi ya Mâcon, huko Gaul, iliamuru mwaka 585 kwamba zaka itolewe, na mkaidi atengwe na kanisa. Mwaka 779, kwa amri ya Herstal, mfalme Charlemagne aliifanya zaka kuwa wajibu kwa raia wote. Muda mfupi baadaye aliipeleka sheria hiyo kwa Wasaksoni, watu aliowapiga vita miaka mingi na kuwabatiza chini ya upanga. Sheria yake kwa nchi hiyo iliweka adhabu ya kifo kwa anayekataa ubatizo, na hapohapo ikaamuru kwamba kila mtu, mkubwa na mdogo, alipe zaka ya mali na ya kazi yake. Mtu aliyepinga alikuwa wa nyumbani mwake. Alcuin wa York, mwanachuoni na mshauri wa mfalme, mwaka 796 aliandika barua baada ya barua, moja kwa mfalme mwenyewe. Wafaranki, watu wa Charlemagne, walikuwa wamewashinda Waavari, taifa jingine, na walijiandaa kuwafanyia vivyo hivyo. Alcuin alisema ilisemwa waziwazi kwamba zaka imeiangusha imani ya Wasaksoni. Aliuliza kama mitume, waliofundishwa na Kristo mwenyewe, waliwahi kuzunguka ulimwenguni wakidai zaka. Alikumbusha kwamba hata wao waliozaliwa na kulelewa katika imani hawakubali kwa urahisi kuitoa zaka ya mali yao yote. Itakuwaje kwa mtu aliyebatizwa jana? Heri kuipoteza zaka kuliko kuipoteza imani. Naiona barua hiyo kuwa miongoni mwa maandiko ya kichungaji yenye ujasiri mkubwa katika karne hizo. Alcuin alijua mfalme anajiona mlinzi wa enzi ya Mungu, akamwambia kwa adabu kwamba enzi hiyo haihitaji mtoza ushuru.

Kilichofuata kinajulikana. Zaka ya lazima iligeuka kodi, ikauzwa, ikarithiwa, ikaangukia mikononi mwa mabwana wasio na madhabahu. Mwaka 1517 Martin Luther alipinga biashara ya vyeti vya msamaha, ambapo hata rehema ya Mungu ilitiwa bei. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge la mapinduzi la Ufaransa lilitangaza kuifuta mifumo ya kimwinyi, na zaka ikafutwa katika siku hizohizo, wakulima hawakuilia. Katika miaka ya 1830 Wakatoliki wa Ireland, waliotozwa zaka kwa ajili ya kanisa la Kianglikana lisilokuwa lao, walikataa kulipa hadi damu ikamwagika.

Injili ilifika Afrika Mashariki ikiwa imeyabeba mapokeo hayo mawili kwa pamoja, lile la Filipi na lile la Herstal, na yote mawili yaliota mizizi. Buganda ni mfano mzuri kwa sababu haukubali kusimuliwa upande mmoja. Askofu Alfred Tucker, aliyefika mwaka 1890, alishikilia kwamba walimu na majengo ya kanisa yategemee Waganda wenyewe, wala si fedha za Uingereza. Sadaka ilitolewa kwa vilivyokuwepo: simbi, zilizokuwa fedha ya nchi na zilihitaji mtu wa kukaa na kuzihesabu kwa mamia, pamoja na vyakula na kazi ya mikono. Kanisa kuu la Namirembe lilipounguzwa na radi mwaka 1910, Waganda walijenga jingine la matofali, likamalizika mwaka 1919. Furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini machifu waliokuwa wazee wa kanisa ndio walewale waliomiliki ardhi na kuwaamuru wakulima, na Mapatano ya Buganda na Uingereza ya mwaka 1900 yalivigawia vyama vya misheni maili za mraba 92 za ardhi. Mkulima aliyebeba nguzo kwa agizo la chifu wake, je, alitoa au alitozwa? Bila shaka wapo waliotoa na wapo waliotozwa, na ni vigumu sasa kuwatenganisha. Ng'ambo ya mpaka, Bukoba, hali ilikuwa tofauti. Wahaya walioipata Injili Buganda walikuwa wakikutana na kusoma kabla wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani hawajafika mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kundi hilo halikuwa na mfadhili wala chifu wa kulilazimisha, na liliendelea chini ya viongozi wake, Andereya Kajerero akiwa mstari wa mbele. Uchagani na Usambara nako sharika nyingi zilibaki kwa walimu na wazee wenyeji. Makanisa saba ya Kilutheri yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), baadhi yakiwa yamepitia upweke wa namna hiyo katika vita zote mbili kuu, yalijua kwamba kanisa linaweza kuishi kwa mikono ya watu wake.

Swali liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi mwaka 1971. Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee, Marekani, akayataka makanisa ya Magharibi yasimamishe kwa muda wamisionari na fedha. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliliunga mkono wazo hilo, na kanisa la Gatu lilishika neno moja: jitegemea. Wengi Ulaya walimwona hana shukrani. Mimi namwona aliielewa shukrani kuliko waliomlaumu. Mtu anayepokea tu, mwaka baada ya mwaka, huzoea kumwangalia mfadhili pale anapopaswa kumwangalia Mungu. Na mfadhili naye huzoea kuangaliwa hivyo. Kumwezesha maskini atoe ni kumrudishia hadhi ambayo Paulo aliwatambua nayo Wamakedonia alipokubali mchango wao badala ya kuwahurumia na kuwaruka.

Tazama Jumapili ya mavuno katika usharika wowote wa vijijini Tanzania. Kuku amefungwa miguu chini ya meza, mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani, kuna debe la mahindi, maboga, mayai kwenye sahani. Baada ya ibada mnada unaanza. Boga linanunuliwa kwa bei isiyo ya sokoni, aliyelinunua analirudisha linadiwe tena, watu wanacheka, na wakati mwingine mshindi wa mwisho anamkabidhi bibi kizee aliyekaa mbele. Mnada huo ni ndugu wa karamu ya Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Lakini jengo hilohilo, katika juma jingine, laweza kusikia orodha ya ahadi ikisomwa na kiasi kando ya kila jina, au familia ikaambiwa kwamba mazishi yatasubiri mpaka kadi ya michango ya marehemu ikaguliwe. Watetezi wa utaratibu huo wana hoja yenye uzito: mchungaji ana watoto, paa linavuja, dayosisi ina makisio, na ukiacha kila kitu kwa furaha ya watu hutalipa mshahara. Jibu la historia ni kwamba utaratibu si adui wa hiari. Paulo aliweka siku, aliweka wasimamizi, alikumbusha, alihimiza. Hakumweka mtu rehani kwa deni la sadaka. Kanisa la Tertuliano halikuwa na kiingilio na lilizika maskini wake. Kanisa la Charlemagne lilikuwa na sheria, na kwa maneno ya Alcuin sheria hiyo iliiangusha imani ya Wasaksoni.

Wapo pia siku hizi wanaoifuata njia iliyo kinyume, wakiiita sadaka mbegu: toa elfu kumi upokee milioni. Watasema Paulo naye alitaja kupanda na kuvuna katika sura hiyohiyo ya 9. Alitaja. Lakini msome hadi mwisho wa sentensi: Mungu huwajaza wapate kuwa na kila kitu cha kutosha, wazidi katika kila tendo jema, na kinachovunwa ni haki na shukrani. Mavuno ya Paulo yanarudi tena kwa maskini. Anayetoa ili Mungu alazimike kumrudishia amemfanya Mungu mdaiwa wake, na hapo enzi ya Mungu imekwisha kukanwa, hata kama jina lake limetajwa mara mia kwenye kipaza sauti. Marcion alirudishiwa sesterti zake kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za sharika na mabaraza ya wazee yafanye mambo machache kabla ya msimu ujao wa mavuno. Hesabu ya mwaka uliopita isomwe kwanza, yote, pamoja na kilichokwenda kwa wahitaji, ndipo lengo jipya litangazwe. Fedha zishikwe na watu zaidi ya mmoja, waliochaguliwa na waumini. Majina yakiandikwa, yaandikwe kwa ajili ya kuombewa, kama alivyofanya Kipriano, wala yasisomwe hadharani pamoja na viwango. Asiachwe maiti bila kuzikwa kwa sababu ya kadi. Na kama yupo mjane ambaye mwaka huu hana cha kuweka kikapuni, wazee wampelekee nyumbani kwake fungu lake katika yale yaliyoletwa na wenzake, kwa maana Torati ilimtaja yeye kwa cheo chake cha ujane miongoni mwa watu wanaopaswa kula na kushiba.